Usukani kwa Asiyeona: Msingi wa Mbio za Matanga Zisizotegemea Macho

Mbio za mashua za matanga kwa watu wasioona na wenye uoni hafifu ni mchezo kamili wa ushindani, wenye kanuni zake, madaraja yake na ubingwa wake wa dunia, na msimamo wa safu hii ni kwamba mchezo huo hustawi pale tu ambapo asiyeona mwenyewe hushika usukani na kanuni zikamlinda aushike mpaka mwisho wa mbio, ilhali hudumaa kila anapopakiwa chomboni kama abiria anayepelekwa kupunga upepo. Jambo hili lafaa kusemwa mapema kwa sababu nchini Kenya, ambako wakimbiaji wasioona wamekuwa wakileta dhahabu tangu mwaka 2000, mjadala wa michezo ya watu wenye ulemavu wa kuona umezoea kuishia kwenye kiwanja cha riadha, na yeyote anayetaja maji na matanga huulizwa kwanza kuhusu hatari, kisha kuhusu gharama, na ni nadra kuulizwa nani atakayeongoza chombo. Swali hilo la tatu ndilo lenye uzito kuliko mengine yote, kwa kuwa jibu lake huamua aina ya mafunzo, aina ya mashua, aina ya maboya na hata aina ya watu watakaovutiwa kubaki katika mchezo.

Ushindani wa kimataifa ulianza New Zealand mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo ubingwa wa dunia umekuwa ukiwaniwa kila baada ya miaka kadhaa, ukiwemo ule wa Newport, Marekani, mwaka 2006 na ule wa Rotorua, New Zealand, mwaka 2009. Katika muundo huo wa kwanza kila mashua hubeba watu wanne, wawili wasioona na wawili wanaoona. Mmoja wa wasioona hushika usukani na mwenzake hudhibiti tanga kuu kwa kamba ya demani, yaani ile kamba inayofungwa pembe ya chini ya tanga ili kulikaza au kulilegeza, na wanaoona husimulia kinachotokea majini na kupanga mbinu bila ruhusa ya kugusa usukani isipokuwa pale ajali inapokaribia. Mashua hushindana kwa daraja la mshika usukani wake. Daraja la B1 ni la wasioona kabisa au wanaohisi mwanga tu bila kutambua umbo la mkono, B2 ni la wale ambao ukali wa macho yao hauzidi 2/60, maana yake wanahitaji kuwa umbali wa mita 2 ili waone kile ambacho jicho lisilo na kasoro hukiona kutoka mita 60, na B3 ni la walio kati ya kiwango hicho na 6/60, huku upana wa eneo la kuona ukizingatiwa pia katika madaraja hayo mawili ya mwisho.

Muundo wa pili, ambao kwa maoni ya safu hii ndio uliosukuma mchezo mbele zaidi, ulizaliwa Italia kwenye Ziwa Garda katikati ya miaka ya 1990, pale Alessandro Gaoso alipoanzisha mpango uitwao Homerus uliokusudia kuwaondoa kabisa wanaoona ndani ya mashua. Mashua mbili hushindana ana kwa ana, kila moja ikiwa na mabaharia wasioona peke yao, na maboya ya kuzungukwa hutoa sauti zinazotofautiana ili kila mmoja ajue lipi ni la kuanzia na lipi ni la kugeukia. Kilicho cha busara zaidi ni kwamba mashua zenyewe pia hutoa sauti, na sauti hiyo hubadilika kufuatana na ubavu unaopokea upepo. Katika kanuni za kawaida za mbio za matanga, chombo kinachopokea upepo kwa ubavu wa kulia kina haki ya njia dhidi ya kile kinachoupokea kwa ubavu wa kushoto, na mshika usukani anayeona hulijua hilo kwa kulitazama tanga la mpinzani. Asiyeona katika mfumo wa Garda hulijua kwa kusikia, huchukua uamuzi wa kumpisha au kumlazimisha mwenzake apishe, na hubeba adhabu ya kosa lake mwenyewe. Hapo ndipo ushindani wa kweli unapopatikana, kwa sababu haki ya kukosea ni sehemu ya haki ya kushinda.

Mtu asiyewahi kushika usukani hudhani kwamba kuongoza mashua ni kazi ya macho, na dhana hiyo hutokana na kulinganisha mashua na gari, ambalo dereva wake hulazimika kufuata ukingo wa barabara kila nukta. Mashua ya matanga haina ukingo wa kufuata. Kinachoiongoza ni pembe kati ya chombo na upepo, na pembe hiyo huhisiwa na mwili kabla ya kuonekana: mashavu mawili yakipokea upepo kwa nguvu sawa, uso umeelekea upepo unakotoka; upepo ukihamia nyuma ya sikio, chombo kimeanza kuuacha. Hakuna chombo cha matanga kinachoweza kwenda moja kwa moja upepo unakotoka. Mashua za kisasa za mbio hukaribia pembe ya nyuzi 45 hivi, kisha hulazimika kubisha, yaani kwenda kwa vipande vya mshazari, mara ubavu huu, mara ule, mpaka boya la juu lifikiwe. Mshika usukani anayekwenda joshi, yaani anayebana upepo kadiri chombo kinavyovumilia, husikia tanga la mbele likianza kupapatika ukingoni akizidisha, na akilegeza mno huhisi mashua ikilala upande na mpini wa usukani ukimvuta mkono kwa nguvu. Sauti ya maji yanayopita ubavuni humwambia mwendo umeongezeka au umepungua, na mshipa wa mguu uliokazwa sakafuni humwambia ulalo wa chombo kwa uhakika ambao jicho mara nyingi huukosa, kwa kuwa jicho hudanganywa na mawimbi.

Ushahidi wa jambo hili uko kwa makocha wa mabaharia wanaoona, ambao wana desturi ya kuwafunga wanafunzi wao vitambaa machoni ili wajifunze kuusikiliza mkono na upepo badala ya kukodolea macho nyuzi ndogo zinazobandikwa tangani kuonyesha mtiririko wa hewa. Zoezi ambalo kwa anayeona ni njia ya kurekebisha tabia mbaya, kwa asiyeona ni hali ya kila siku, na ndiyo maana tofauti kati ya wawili hao kwenye kazi ya kushika mwelekeo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Tofauti kubwa huja kwenye mambo mengine, hasa kutambua mpinzani yuko wapi, kuona mapema dharuba ya upepo ikikwaruza uso wa maji, na kujua umbali uliobaki hadi boyani. Uchambuzi wowote wa dhati wa mchezo huu hauna budi kuzitenganisha kazi hizo mbili, kushika mwelekeo na kusoma uwanja, kwa sababu ya kwanza haihitaji msaada na ya pili inauhitaji, na sera nyingi huharibika kwa kuzichanganya.

Msaada wa kusoma uwanja unaweza kutoka kwa sauti ya binadamu au kwa sauti ya chombo, na hapa fizikia ina neno lake. Sikio hutambua upande wa sauti kwa kulinganisha tofauti ndogo za muda na za nguvu kati ya sikio la kulia na la kushoto, na kazi hiyo huwa nyepesi zaidi pale sauti inapokatikakatika na kuchanganya mawimbi mengi ya juu na ya chini, kuliko pale inapokuwa mluzi mmoja mrefu usiobadilika. Kwa hiyo boya linalolia kama king'ora cha mfululizo humchosha baharia na kumpoteza, ilhali boya linalogonga kwa vipindi humwelekeza. Zaidi ya hayo, upepo huipinda sauti: inayosafiri kufuata upepo hurudishwa chini kuelekea uso wa maji na kusikika mbali, na inayosafiri dhidi ya upepo hupindishwa kwenda juu na kuacha kivuli cha ukimya karibu na maji. Matokeo yake ni kwamba boya la upande wa joshi, yaani upande upepo unakotoka, husikika vizuri kwa mashua inayolikaribia, na boya la upande wa demani, upepo unakoelekea, huweza kutosikika mpaka mashua iwe imelisogelea sana. Mtu atakayeagiza maboya matatu yenye nguvu sawa atakuwa amenunua shida. Boya la demani linahitaji kipaza sauti chenye nguvu zaidi na kuwekwa juu zaidi ya maji.

Kwa msomaji wa Kenya, kipimo kilicho karibu ni riadha. Henry Wanyoike, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 akiwa kijana, alishinda dhahabu ya mita 5,000 katika Michezo ya Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 huku mwelekezi wake akiwa ameishiwa nguvu kiasi kwamba mshindani ndiye aliyelazimika kumvuta aliyepaswa kumwelekeza hadi kwenye utepe, na miaka minne baadaye huko Athens akarudi na dhahabu mbili. Samwel Mushai Kimani alitwaa dhahabu ya mita 1,500 kwa wasioona London 2012 na tena Rio 2016, na Nancy Chelangat Koech akapata shaba katika mbio kama hizo kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Mafanikio haya yamejengwa juu ya kanuni iliyo wazi: mwelekezi hushikana na mkimbiaji kwa kamba fupi, hamvuti wala hamsukumi, na hapaswi kuvuka mstari kabla yake. Kanuni hiyo ilimpa Wanyoike medali yake, kwa sababu ilitambua kwamba mbio ni za asiyeona. Lakini Sydney ilifunua pia mpaka wa mfumo, kwamba kasi ya mkimbiaji haiwezi kuzidi mapafu ya mwelekezi wake. Matanga huuondoa mpaka huo, kwa kuwa anayeona chomboni hatoi nguvu bali habari, na habari inaweza kupatikana kwa njia nyingine.

Zipo fikra potofu zinazorudi kila mjadala unapofunguliwa. Ya kwanza husema kwamba wasioona wana sikio la ajabu walilofidiwa, na kwa hiyo watajifunza wenyewe. Kauli hii inaonekana kuwa sifa ilhali ni kisingizio cha kutowafundisha. Usikivu wa kutumia mchezoni hutokana na mazoezi ya saa nyingi, na mtu aliyepoteza uoni ukubwani kwa sababu ya glakoma, ugonjwa wa shinikizo la jicho unaoua mshipa wa kuona, huanza akiwa na sikio lile lile la jirani yake. Ya pili ni ya hatari, kwamba asiyeona yuko karibu zaidi na kuzama. Kuzama hakuchagui macho. Huzuiwa na jaketi la kuokoa maisha, mashua ya uokoaji iliyo karibu, mawasiliano, na uamuzi wa kutotoka upepo unapozidi, mambo ambayo kila klabu makini huwawekea wote. Hatari moja ambayo kweli humhusu asiyeona zaidi ni boriti ya chini ya tanga, ambayo chombo kikigeuka huvuka sakafu kwa nguvu na kuweza kumpiga mtu kichwani, na dawa yake ni amri ya sauti kabla ya kila mgeuko pamoja na mashua ambayo boriti yake imepandishwa juu ya vichwa vya walioketi.

Fikra ya tatu ni ya ushujaa, na huenda ndiyo yenye madhara ya kudumu. Mwaka 1983 Hank Dekker, Mmarekani asiyeona, alisafiri peke yake kwa matanga kutoka San Francisco hadi Hawaii, na mwaka 2019 Mitsuhiro Iwamoto wa Japani alivuka Bahari ya Pasifiki kutoka San Diego hadi Fukushima bila kutia nanga njiani, akiwa na mwenzake anayeona, Doug Smith. Safari hizo zinastahili heshima kubwa, lakini hazikuzaa ligi. Vyombo vya habari huzipenda kwa sababu zina mwanzo na mwisho, na mfadhili huzipenda kwa sababu picha yake hupigwa mara moja. Mchezo hujengwa na mbio za kila Jumamosi zisizopigwa picha, ambamo msichana wa miaka 15 hushindwa mara ishirini kabla ya kushinda moja, na hakuna nchi iliyopata mabingwa kwa njia nyingine. Nchi inayoanza kwa kutafuta shujaa wa kuvusha bahari itabaki na shujaa huyo tu.

Mchezo wenyewe uko katika kipindi kigumu duniani, na sababu yake inaihusu Afrika moja kwa moja. Mbio za matanga ziliingia Paralimpiki kama mchezo wa maonyesho Atlanta mwaka 1996, zikawa za medali kamili kuanzia Sydney 2000 hadi Rio 2016, na ndani yake wasioona walishindana pamoja na wenye ulemavu wa viungo kwa mfumo wa alama, ambao ulimpa kila baharia alama kulingana na kiwango cha ulemavu wake na kuwekea timu ya watu watatu kikomo cha jumla ya alama 14. Januari 2015 Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki ilitangaza kuuondoa mchezo huo katika michezo ya Tokyo kwa hoja kwamba haukuenea vya kutosha, kwa kuwa kanuni zake zilitaka mchezo wa mtu binafsi uwe unachezwa kwa kawaida katika nchi zisizopungua 32 za maeneo matatu ya dunia. Juhudi za World Sailing, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, za kuurejesha kwa michezo ya Los Angeles mwaka 2028 nazo hazikufua dafu. Kwa hiyo kila nchi ya Afrika Mashariki inayojenga programu halisi, yenye mashua majini na mashindano katika kalenda, inahesabika katika mzani wa kimataifa kwa uzito ambao haitaupata kamwe katika riadha, ambako kumejaa wapinzani.

Maji ya Nairobi na maji ya Pwani

Nairobi ilikuwa na maji yake ya matanga. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kwenye Mto Motoine kama hifadhi ya maji ya dharura ya jiji, lilikuwa kwa miongo kadhaa makao ya klabu ya matanga, kwa mwendo mfupi kutoka mitaa ya Jamhuri, Woodley na Lang'ata, kabla ya maji taka, tope na magugu maji kulifunika kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 kiasi kwamba uso wake ukaonekana kama shamba. Hasara hiyo huhesabiwa kwa kawaida kama hasara ya mazingira, na ni sawa, lakini ina upande mwingine usiotajwa. Karibu na bwawa hilo ipo Shule ya Wasichana ya Moi Nairobi, na kando kidogo ipo Shule ya Msingi ya Kilimani, zote mbili zikijulikana kwa kuwapokea wanafunzi wasioona na kuwafundisha pamoja na wenzao wanaoona. Bwawa likiwa hai, jiji lingekuwa na uwanja wa maji tulivu, usio na meli wala mkondo wa bahari, unaofikika kwa matatu kutoka shule zenye wanafunzi wanaohitaji mchezo huu. Kila mpango wa kusafisha mito ya Nairobi unaolisahau jambo hilo unapungukiwa na hoja yake mojawapo nzuri.

Pwani kuna utajiri wa aina nyingine. Nahodha wa jahazi amekuwa tangu zamani akiabiri usiku kwa kuhisi kaskazi au kusi ubavuni mwake, na mbio za mashua za Lamu bado huonyesha kiwango cha juu cha ustadi wa kubisha kwa hisia. Ni rahisi kwa hivyo kupendekeza kwamba mchezo wa wasioona uanzie kwenye mashua ya kienyeji, na pendekezo hilo lina nusu ya ukweli. Tanga la mashua ya Kiswahili halina boriti ya chini, hivyo ile hatari kubwa ya kichwa haipo. Lakini tanga hilo huning'inia kwenye foromali, mti mrefu unaovuka mlingoti kwa mshazari, na ili kubadili ubavu ni lazima foromali ihamishwe kupita mlingoti huku mabaharia wakihama nayo, kazi inayodai wepesi wa kutembea juu ya chombo kinachoyumba na inayomfanya anayejifunza awe mzigo kwa wenzake. Kwa wanaoanza, mashua fupi yenye mkuku mzito wa kuizuia isipinduke na sehemu za kukaa zisizohitaji kuhama sana ndiyo inayofaa. Mashua ya kienyeji ije baadaye, kwa waliokwisha kukomaa, na ikija itaupa mchezo wa Kenya sura ambayo Ziwa Garda haina.

Jiografia ya shule nayo inasaidia kuliko inavyotambuliwa. Shule ya wasioona ya Likoni iko ng'ambo ya kivuko kutoka kisiwa cha Mombasa, ambako klabu ya mashua ya Mombasa imekuwepo tangu mwaka 1910, na shule ya Kibos iko Kisumu, jiji lenye ziwa na klabu yake ya mashua. Kwa wa Nairobi, Ziwa Naivasha liko takriban kilomita 90, na upepo wake wa alasiri ni wa kutegemewa, ingawa viboko na magugu vinadai uwanja uchaguliwe kwa makini na mashua ya doria itangulie. Shule na klabu zinazotazamana kwa miongo mingi bila kushirikiana hazikosi uwezo. Zinakosa mtu aliyepewa kazi ya kuziunganisha, mwenye mshahara, gari na ratiba.

Sheria haijakaa kimya. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, inamhakikishia mwenye ulemavu heshima na kufikia taasisi na huduma, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unazungumzia michezo waziwazi katika ibara yake ya 30, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2003, iliyokuja kurithiwa na ile ya 2025, iliwaruhusu kutumia bila malipo viwanja vya michezo vya serikali. Udhaifu uko kwenye neno viwanja. Serikali haimiliki gati la matanga. Mashua na maegesho ni mali ya klabu za wanachama, nyingi zikiwa na asili ya enzi za ukoloni na ada ambazo familia ya mwanafunzi wa Likoni haiwezi kuzilipa. Haki ya kuingia bure mahali pasipokuwepo haimfikishi mtu majini. Kinachohitajika ni makubaliano ya maandishi kati ya Wizara ya Elimu, serikali za kaunti na klabu, yanayolipia saa za matumizi ya mashua kutoka Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, na yanayoilazimu klabu itoe siku maalumu kila mwezi, siyo siku ya kukaribisha wageni mara moja kwa mwaka.

Mpangilio wa matumizi ya fedha ni suala ambalo safu hii haitalipitia juujuu, kwa sababu programu nyingi za michezo hufa zikiwa na vifaa vipya ghalani. Kwanza walipwe na wafunzwe makocha, wakiwemo wasioona wenyewe, na mafunzo yaanze nchi kavu: kiti kinachozunguka, mpini wa usukani uliofungwa kwenye fremu, feni kubwa na kamba zilizotiwa mafundo ili kila fundo liashirie kiasi tanga lilivyokazwa, vitu ambavyo karakana yoyote ya shule za Jamhuri na Kilimani inaweza kuvitengeneza. Pili yatengenezwe maboya ya sauti humu nchini. Mtungi wa plastiki, betri inayochajiwa kwa jua, saketi ndogo ya kugonga kwa vipindi na kipaza sauti kisichoingia maji ni kazi ya fundi wa jua kali akisaidiana na mwanafunzi wa uhandisi, na faida yake ni kwamba boya likiharibika litarekebishwa Kamukunji badala ya kusubiri kontena. Tatu, wataalamu wa macho wafunzwe uainishaji wa kimichezo, kwa kuwa mshindani asiye na daraja linalotambulika hawezi kushiriki popote nje ya nchi hata akiwa bora. Mashua mpya zije nne, na zije zinazofanana, ili tofauti ya ushindi iwe ya mabaharia.

Katika kanuni za mbio za ndani, ambazo chama cha matanga nchini kinaweza kuziandika bila kusubiri mtu, liwekwe sharti kwamba asiyeona hushika usukani tangu ishara ya kuanza hadi ya kumaliza, kwamba anayeona akiugusa bila dharura mashua hiyo inaondolewa katika matokeo, na kwamba maelezo ya anayeona yawe ya mahali na umbali tu kwa wanaoanza, ili uamuzi wa kugeuka ubaki mkononi mwa nahodha. Kuna watakaosema sharti hilo ni kali mno kwa mchezo ambao haujazaliwa. Jibu ni kwamba mazoea ya mwaka wa kwanza hugeuka kuwa utamaduni, na mwelekezi aliyezoea kuusogeza usukani kwa huruma hataacha mwaka wa tano, wakati huo tayari akiwa amemfundisha nahodha wake kumsubiri.

Kalenda inaweza kufuata likizo za shule na misimu ya upepo kwa pamoja. Mwezi Aprili, pale kusi inapoanza na mvua za masika zinapofanya upepo usitabirike, ubaki wa mafunzo ya nchi kavu na ya kuogelea. Agosti iwe ya Naivasha na Kisumu, kwenye maji yasiyo na mawimbi ya bahari. Desemba, kaskazi inapokuwa imetulia na kabla haijapata nguvu zake za Januari, wanafunzi wasioona wa Nairobi, Thika na Kibos waweza kukutana na wa Likoni kwenye maji ya ndani ya Tudor, mbali na njia ya meli za Kilindini, kwa mbio za siku kadhaa zenye maboya matatu, mashua nne na mwamuzi aliyepewa mamlaka ya kuiondoa timu yoyote ambayo usukani wake umeguswa na mkono usiostahili.